Nyanya ya Uani Haipandi Lori

Wiki iliyopita nilikula kachumbari ya pweza kwa shangazi yangu Mikindani, na tangu siku hiyo nimezidi kuushikilia msimamo ninaobishania na majirani huu msimu wa tatu: mtu mwenye kauwanja kadogo nyuma ya nyumba hana sababu ya kupanda nyanya zilezile zinazouzwa sokoni. Shangazi hakukamua hata tone la ndimu. Nyanya zake zilikuwa na ukali wao na utamu wao, na harufu yake niliisikia tangu alipozikata, kabla sahani haijafika mkekani.

Nyanya za sokoni sizilaumu. Zipo za mabonde ya huku kwetu, lakini nyingi zinatoka mbali, Ilula kule Iringa au Morogoro, zimejazwa kwenye matenga, zinavuka Daraja la Mkapa, zinapita Nangurukuru na Mnazi Mmoja ndipo ziteremshwe Mtwara mjini. Nyanya ya safari hiyo lazima iwe na ganda gumu na nyama iliyokaza, na ichumwe ikiwa bado ngumu, pengine ndiyo kwanza inaanza kugeuka rangi. Mkulima anayepanda Tanya au Tengeru 97, mbegu zilizotoka kwenye utafiti wa Tengeru, Arusha, anajua anachofanya, maana sifa kubwa ya nyanya hizo ni kukaa siku nyingi bila kulainika. Mei 2024, barabara ilipokatika Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, niliona wazi jinsi chakula chetu kinavyotegemea lori. Ila kutoka shinani hadi jikoni kwangu ni hatua kumi na mbili. Ganda gumu la kunisaidia nini?

Fanya jaribio dogo. Chukua nyanya moja ya aina ya Cal J, ile ya kupikia, na nyanya moja ya mviringo ya aina ya zamani, uzikate kwa upana juu ya ubao mmoja. Cal J itakuonyesha kuta nene za nyama na vijumba viwili vitatu vyembamba vya mbegu, na ubao utabaki karibu mkavu. Ile ya mviringo itamwaga utelezi wa kijani hadi njano, mbegu zikiogelea ndani yake. Wengi wetu tumefundishwa kuukamua utelezi huo na kuutupa. Onja kwanza. Humo ndimo ulimokaa uchachu mwingi wa nyanya, pamoja na ule utamu wa kimchuzi unaofanya mtu afute sahani kwa tonge la mwisho. Kwa hiyo Cal J na Roma ni nzuri kwa rosti, kwa sababu hazina maji mengi na zinaganda haraka sufuriani. Kwa kachumbari zinapwaya.

Lipo na suala la bega. Shangazi huniambia, "Mwanangu, angalia yenye kofia ya kijani," akimaanisha ile nyanya ambayo ikiwa changa, sehemu ya juu karibu na kikonyo inakuwa kijani kilichokoza kuliko chini. Nilidhani ni mazoea yake tu. Kumbe mwaka 2012 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science kwamba wazalishaji wa mbegu, kwa kuchagua miaka mingi nyanya zinazogeuka rangi kwa usawa, walikuwa wakichagua jeni iliyoharibika. Jeni nzima ndiyo inayolitia bega kijani hicho, na tunda hutengeneza sukari zaidi. Uzuri wa kupangwa mezani tumeulipia kwa utamu. Ladha ina mambo mengine mengi, lakini mimi sasa nikiona kofia ya kijani natabasamu.

Sasa nipande nini? Uwanja wangu hapa Shangani, Mtwara, unabeba mashina sita na ndoo mbili. Mashina matatu ni vinyanya, vile vidogo vya mviringo vinavyojiotea vyenyewe kando ya shimo la taka. Ndivyo vitamu kuliko vyote, na joto havilijali sana. Mawili ni Marglobe, mbegu iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925 na bado inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Shina moja la Cal J ni kwa ajili ya mchuzi, basi.

Jirani yangu anasema chotara, zile mbegu za kuchanganya aina mbili, zinazaa mara mbili ya hizo. Ni kweli, na angekuwa anauza kwa sado ningemwambia apande chotara bila kusita. Lakini anakula na watoto wanne, na nusu ya mavuno yake anagawa. Nami niliwahi kununua pakiti ya chotara baada ya muuza duka kuniapia kwamba ni tamu. Zilizaa kweli, nyekundu, zimelingana kama zimepimwa, na watoto wangu wakazibakiza pembeni mwa sahani. Ile pakiti ilinigharimu fedha nyingi, na iliniuma.

Majira nayo yana neno kubwa. Wengi huku tunamwaga mbegu mvua zikianza Desemba, kwa sababu maji ni ya bure. Hapo nyanya inakutana na ukungu wa majani, na usiku wa joto usiopoa. Usiku ukibaki na joto la nyuzi 24 hivi, mchana ukivuka 32, chavua inadhoofika na maua yanapukutika bila kushika tunda. Weka kitalu Aprili, pandikiza Mei, ule kuanzia Julai kusi likivuma. Na ukiona michirizi mieupe ndani ya jani, huenda ni kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, kata jani hilo siku hiyohiyo ulizike au ulichome.

Kisima chetu kina chumvi kidogo, kama visima vingi vya karibu na bahari. Zamani nilisikitika. Matunda yanakuwa madogo, ni kweli, lakini chumvi kidogo huzuia tunda kunywa maji mengi, na sukari inabaki imekolea. Wenye maji yasiyo na chumvi wanaweza kufika karibu na hapo kwa kupunguza kumwagilia matunda yanapoanza kugeuka rangi. Punguza, usikate, maana shina likikaushwa halafu likafurikishwa, nyanya zinapasuka.

Usizitie kwenye friji. Baridi kali inaua harufu, na nyanya isiyo na harufu ni maji mekundu. Ziweke kwenye ungo, kivulini.

Siku ile Mikindani, tulipomaliza kula, shangazi alichagua nyanya moja iliyoiva kupita kiasi, akaikamulia kwenye kikombe na kuongeza maji kidogo. Itakaa siku mbili tatu hadi ule utelezi uchachuke na kuachia mbegu, kisha ataziosha na kuzianika kwenye sahani pasipo jua kali. Chotara huwezi kuifanyia hivyo, watoto wake hawafanani na mama. Akaniletea za msimu uliopita, zimefungwa kwenye ncha ya kanga yake pamoja na noti ya elfu mbili. Noti akairudisha. Mbegu akanihesabia kiganjani, thelathini na moja, vidole vyake bado vina ule weusi wa majani ya nyanya usiotoka kwa sabuni ya kawaida. Ziko kwenye karatasi ya daftari juu ya kabati, zinasubiri Aprili.