Mpeni Mzee Kazi ya Kufanya

Katika nyumba nyingi za kwetu, mzee akishaanza kusahau, jambo la kwanza tunalolifanya kwa nia njema ni kumnyang'anya kazi. Ungo unachukuliwa na mkamwana, jembe linafichwa, naye anaambiwa, "Mama, wewe pumzika, sisi tupo." Anatengewa kiti barazani, anawashiwa televisheni, na tangu hapo siku yake nzima inakuwa ya kungojea chakula. Tunaliita jambo hilo heshima. Mimi naamini kwamba mtu mwenye dimensia, yaani maradhi ya ubongo ambayo wengi wetu tunayajua kama ugonjwa wa kusahau, anadhurika kwa mapumziko ya namna hiyo, na kwamba shughuli aliyoizoea, inayolingana na uwezo aliobaki nao, inastahili kupangwa kila siku kama tunavyopanga dawa zake.

Maradhi haya tunayo hapa hapa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na ukakadiria kwamba takriban asilimia 6.4 yao walikuwa na dimensia. Wapo wanaosema ni uzee tu, na wapo wanaosema mzee amerogwa. Wote wawili huishia kutomfanyia lolote. Ni kweli kwamba tiba ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Hata hivyo, katika Alzheimer, aina inayoongoza kwa wingi, sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya ndizo zinazoathirika mapema, wakati ujuzi wa mikono uliojengeka kwa miaka mingi hutunzwa kwingine na mara nyingi hudumu zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau kwamba amekunywa chai asubuhi hii na bado akaweza kupeta mchele bila kumwaga hata punje.

Nimeliona hilo kwa shangazi yangu, mzaliwa wa Pemba, ambaye alikuwa hawezi tena kuwataja wanawe kwa majina yao. Ukimwekea mapajani chane za ukindu zilizolowekwa, za kusukia ukili, yaani ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, vidole vilianza vyenyewe: anachomeka chane mpya kabla ya ile ya zamani kwisha, anavuta, kisha anaukaza ukingo kwa ukucha wa dole gumba. Mjukuu akikaa karibu yake kujifunza, alimwelekeza kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema, "Kaza, mwanangu, usiache tundu." Siku nyingine ukili ulitoka umepinda, na binti yake, ambaye nitamheshimu daima kwa jambo hili, aliupima kwa mkono mbele yake, akaukunja pamoja na mingine na kumshukuru. Hapakuwa na haja ya kuuza mkeka. Haja ilikuwa mama yule aendelee kuwa fundi nyumbani kwake.

Kila nyumba ina kazi zinazofaa kwa namna hiyo: kuchambua mchicha, kupukuchua mahindi, kutoa njegere kwenye maganda, kukunja kanga, kumwagilia bustani. Siri yake ni kumpa hatua moja kwa wakati mmoja, tena kwa kumwonyesha badala ya kumwagizia maneno marefu, na kuziweka mbali kazi zenye kisu, moto au mbuzi ya nazi iwapo mikono yake haina tena uhakika. Mwanamume aliyezoea bao na apelekwe kwa wenzake chini ya mwembe. Akikosea kuzipanda kete, mwenzake acheze naye hivyo hivyo, kwa sababu faida kubwa iko katika kuitwa, kukaribishwa na kutiwa kahawa kama wengine.

Nyimbo nazo zina nguvu yake. Mtu aliyekwisha kupoteza sentensi zake mwenyewe anaweza kuimba pambio lote la kanisani, au kuendelea na sura ya Kurani aliyoihifadhi utotoni pindi akisikia aya ya kwanza. Kwa hiyo anayetaka kuswali tena baada ya kuswali asikemewe. Mtu asimame karibu naye, asome kwa sauti na amfuatishe.

Jambo ninaloliomba liachwe kabisa ni mtihani wa wageni. Mtu anafika, anainama usoni pa mzee na kumwuliza, "Unanijua mimi ni nani?" huku wengine wakingoja jibu. Mzee anatahayari, anakasirika au ananyamaza, na mazungumzo yanaishia hapo. Ni bora zaidi kusema, "Shikamoo mjomba, ni mimi, mtoto wa dada yako," kisha ukamwonyesha picha ya zamani na kumwacha aseme anachokumbuka, hata kama tarehe na majina yamechanganyika.

Asubuhi ndiyo saa nzuri kwa wengi, kwani alasiri na magharibi wagonjwa kadhaa huingiwa na wasiwasi. Mzee akichoka, aachwe. Lakini akibadilika ghafla ndani ya siku chache, akawa hatambui mahali alipo au analala mchana kutwa, hilo si suala la shughuli. Apelekwe hospitali, maana inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au madhara ya dawa.

Familia, hata hivyo, haiwezi kubeba yote. Huko huko Hai, wataalamu wamewahi kuendesha vikundi vidogo vya wazee wenye dimensia kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na vitu vya kushika, kwa mpango ulioanzia Uingereza na kurekebishwa ili umfae hata asiyejua kusoma, na wazee walionyesha nafuu katika kumbukumbu na ubora wa maisha. Hakuna mashine iliyohitajika. Wizara zetu za afya zingeweza kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuendesha vikao kama hivyo siku za kliniki ya presha na kisukari, kwa kuwa wazee wengi siku hizo huwa wamekwisha kufika zahanati, pamoja na binti au mjukuu aliyewasindikiza.