Timu Tatu, Uwanja Mmoja: Tuunganishe Mazoezi?

Hapa Busia, upande wa Uganda, baadhi ya makocha wa timu tatu za watoto wanataka kuunganisha mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Uwanja ni mmoja, mipira haitoshi, na tangu vijana wetu wa chini ya miaka 17 waifunge Ufaransa 1-0 kwenye Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2025, naona watoto wanaofika uwanjani wamezidi. Wazo nalipenda. Jinsi lilivyojaribiwa ndiyo imenisumbua.

Siku ya majaribio nilifika saa kumi jioni. Watoto zaidi ya 40, mipira mitano, foleni tatu ndefu mbele ya goli. Nikamfuata kwa macho mtoto mmoja aliyekuwa peku. Kwa dakika 20 aligusa mpira mara sita; muda uliobaki alisimama akichora vumbini kwa kidole cha mguu. Mzazi akiniambia mwanawe hapati kitu kwenye mazoezi ya namna hiyo, sina la kumjibu. Mtoto hujifunza mpira kwa kuuchezea, na foleni humnyima hilo.

Lakini mtazame kipa. Timu ndogo huwa na kipa mmoja, naye kazi yake ni kupigiwa mashuti na wenzake mpaka jua lizame. Hakuna anayemfundisha kuanguka bila kuumia, wala lini atoke golini kuufuata mpira wa krosi. Makipa wa timu zote tatu wakikaa pembeni na kocha mmoja anayeijua kazi hiyo, saa moja tu itawafaa kuliko mwezi mzima wa kupigiwa mashuti. Na umri je? Leo wa miaka 10 anakabwa na wa miaka 14 kwa kuwa ni timu moja. Timu zikichanganyika, watoto wanaweza kugawanywa kwa umri, wanne kwa wanne, kila kundi na kipande chake cha uwanja na mpira wake. Wasichana nao, wanaokuwa wawili watatu kila timu, watafika idadi ya kucheza mechi yao wenyewe. Hili la wasichana peke yake lingenitosha kukubali.

Makocha wanaokataa wanaogopa kunyang'anywa wachezaji, na siwalaumu. Umemwombea mtoto ruhusa kwa mama yake sokoni, umemtafutia viatu, kisha wiki moja tu ya mazoezi ya pamoja anahamia kwa jirani. Ila kumficha mtoto hakumlindi kocha. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi, hadi asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, na kinachotazamwa ni kumbukumbu za usajili. Timu ambayo haijasajili watoto wake haina pa kudai, hata ikifanya mazoezi peke yake miaka kumi.

Kwa hiyo Jumanne ningeiacha, kila kocha abaki na watoto wake, awajue vizuri. Alhamisi waungane, makundi yakiwa yamepangwa na koni zimewekwa kabla mtoto wa kwanza hajafika.