Mrudishieni mtoto mapumziko yake

Juzi mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la pili, alirudi nyumbani Makorora, hapa Tanga, na daftari lenye wino mwekundu: "Mtundu. Hatulii. Mzazi afike." Nikaenda mimi shangazi yake. Mwalimu akanieleza adhabu aliyompa: wiki nzima hatoki mapumziko. Wenzake wakikimbilia uwanjani, yeye anabaki darasani amesimama, uso ukutani.

Ukuta ule umenikosesha usingizi.

Mtoto huyu daktari ameshamwona, akatuambia ana ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza mawazo, na karatasi ya daktari niliipeleka shuleni kwa mkono wangu. Tangu mwaka 1902 daktari George Still, kule London, alishawaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wenye akili zao timamu wanaoshindwa kujizuia. Leo ni 1902? Mtoto ambaye mwili wenyewe unamdai mwendo, wewe mwalimu unamnyima dakika zake za kukimbia, halafu unategemea atulie kipindi kinachofuata! Ni kumnyima mtu maji kwa kosa la kuwa na kiu.

Jioni anakwenda chuoni, madrasa ya Kurani, hapa hapa mtaani. Ustadhi wake sidhani kama amewahi kulisikia jina la ADHD. Lakini njooni mmtazame mtoto: amekaa mkekani, anayumba mbele na nyuma, anasoma kwa sauti kama wenzake wote, na hakuna anayemwambia atulie. Akianza kumchokoza jirani yake, ustadhi anamwita taratibu, "Babangu, hebu chukua birika ukajaze maji." Anatoka mbio, anarudi ameloa mpaka viwiko, anakaa, anaendelea pale alipoachia. Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, ameshafika nusu. Ni mtoto yule yule!

Darasa lake shuleni lina watoto 90 na ushee, mwalimu mmoja. Haya, hilo nalikubali, na mwalimu yule namwonea huruma kweli. Lakini kumtuma mtoto afute ubao au agawe madaftari hakuhitaji mwalimu wa pili. Mkalisheni mbele, mbali na mlango. Mpeni hesabu 5, zisahihishwe, ndipo apewe 5 nyingine. Mwambieni jambo moja moja. Akifanya vizuri asifiwe pale pale, maana sifa ya Ijumaa kwa kazi ya Jumatatu kwake imeshapoa.

Fimbo? Kanuni zenyewe zimeweka mwisho viboko 4, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu, na hata hivyo 4 havikumtuliza. Kuhusu dawa za kumeza, hilo ni shauri la daktari na wazazi wake. Na wapo wasichana wenye hali hii hii wanaokaa kimya, mawazo yako mbali; hao hata wino mwekundu hawaupati.

Jana usiku alifanya hesabu zake amesimama kwenye meza ya chakula, goti moja juu ya stuli, kisoda cha soda kinazunguka kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Hesabu 10, zote amepata. Alipofunga daftari akaniuliza, "Shangazi, kesho nikikaa vizuri, wataniacha nitoke nje kucheza?"

Sikuwa na jibu. Kesho nitakuwa getini kabla ya kengele ya mstarini.