Ami Kauza Punda, Mimi Nikaja kwa Farasi

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, hata soksi ya pili sijavaa, simu inaniambia nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Aliyenitoa ni Ami. Hakuandika neno. Mimi niko Marekani, na kwao Lamu wakati huo ni saa sita mchana, kwa hiyo kanitoa, kaweka simu mfukoni, kaenda kuswali adhuhuri roho nyeupe. Kundi lina watu 43, wakiwemo wawili ambao mpaka leo hatujui ni jamaa za nani. Hao wamebaki. Aliyetoka ni mimi niliyezaliwa humo.

Na kosa langu ni moja tu: Marekani haina gari.

Tulieni. Najua ina magari. Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni. Mnajua kwetu, gari ni kitu unachokiona ukivuka Mokowe, na ukitaka kumtisha mtoto unamwambia utampeleka Malindi kwa basi. Kilichonibembeleza utotoni ni mlio wa punda, na kila kiatu nilichowahi kumiliki kimekanyaga mavi yake. Nilipokwenda Mombasa kusomea hoteli na utalii, nilifundishwa kuvuka barabara nikiwa na miaka 19, nimeshikwa mkono na msichana wa mwaka wa kwanza. Hilo tusilizungumze. Basi nikaapa, siku nikitoka nje ya nchi, nakwenda mahali ambapo magari ni mengi kuliko watu.

Ndipo ikaja viza ya J-1. Ile ya mafunzo ya kazi, ukiwa umehitimu na miezi kumi na miwili haijapita. Mambo ya fomu sitawaeleza. Aliyepita anajua, na ambaye hajapita asitishwe bure. Ila pesa lazima niziseme maana bado zinaniuma: dola 220 za kusajiliwa kwenye mtandao wao, dola 185 za viza yenyewe, hazirudi hata ukinyimwa. Bado hujataja mdhamini, yaani shirika linalosimamia mafunzo yako huko, wala bima, wala nauli. Familia ikachangishana. Ami akauza punda wawili. Si mmoja. Tunza idadi hiyo.

Afisa wa dirishani, ubalozi wa Marekani kule Gigiri, aliniuliza maswali matatu. Sheria yao inamwambia amhesabu kila mtu kuwa mhamiaji mpaka mtu mwenyewe aonyeshe vinginevyo, kwa hiyo akaniuliza nini kitanirudisha nyumbani. Nikamwambia kuna mamangu, kuna nyumba ya urithi yenye kesi, na kuna Ami ananidai punda wawili. Akacheka, akabakiza pasipoti yangu. Mimi naamini hadi leo wale punda ndio walionipatia viza.

Kwenye barua ya kazi paliandikwa Michigan. Sasa ninyi niambieni, nani akishaona Michigan anaendelea kusoma? Michigan ndiko Detroit! Ford ni huko, General Motors ni huko, Chrysler ni huko. Nikawatangazia barazani kwamba nakwenda mahali gari linapozaliwa. Ami mwenyewe akatembea wiki nzima kifua mbele.

Nilitoka Lamu kwa boti. Mokowe basi, Mombasa treni, Nairobi ndege, ndege nyingine, Detroit. Pale Detroit niliona magari, wallahi niliyaona, kwa muda wa kama saa tano, kupitia dirisha la basi. Halafu basi likaishia ukingoni mwa maji na mtu akaniambia niteremke nipande boti.

Nilidhani ni mzaha. Safari imeanza kwa boti, imeishia kwa boti. Dakika ishirini hivi, nikashushwa kwenye kisiwa kinachoitwa Mackinac. Hata jina lake ni kitendawili: linaandikwa kwa c mwishoni lakini ukiitamka wanakuonea huruma, husomwa Makino. Nikateremka na sanduku langu, nikavuta pumzi ya kwanza ya Marekani, na pumzi ile nikaijua. Nimekua nayo. Nikatazama chini, nikaona nimeshaikanyaga.

Kisiwa hiki kilipiga marufuku magari mwaka 1898. Gari lilishtua farasi, watu wakakaa kikao, wakaamua farasi abaki. Kiangazi farasi wako kama 500. Teksi ni farasi. Takataka zinazolewa na farasi. Kifurushi ulichoagiza kwenye intaneti kinaletwa na mkokoteni wa farasi. Kuna hata barabara kuu ya serikali ya jimbo, maili nane kuzunguka kisiwa, ina namba yake rasmi kama barabara nyingine zote, na gari haliruhusiwi kuikanyaga. Sisi Lamu angalau tuna udhuru, vichochoro vyetu gari haliingii hata likijipaka samli. Hawa wana barabara pana, ya lami, wamekataa kwa hiari yao.

Haya. Juzi, saa nane mchana kwangu, saa tatu usiku kwao, Ami akapiga simu ya video. Kakaa barazani na wazee wenzake sita, simu imeegemezwa kwenye dele la kahawa.

"Haya mwanangu, tuonyeshe Marekani."

Nikageuza kamera. Farasi wawili, mkokoteni wa mabegi. Kimya.

"Nini hicho?"

"Farasi, Ami."

"Farasi nawaona. Nimesema Marekani."

"Ndiyo yenyewe, Ami."

Mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho akaisogelea simu mpaka nikawa naona pua tupu. "Hao ni punda," akasema. "Wamenenepa."

Nikageuza upande wa pili nijiokoe. Baiskeli. Nyumba za mbao. Maji. Boti imefunga.

"Ile si jeti ya Mokowe?"

"Ni Ziwa Huron, Ami."

"Maji ni maji. Zungusha."

Nikazungusha, na hapo ndipo Mungu alipoamua kunifunza adabu, maana aliyekuwa mbele ya kamera ni kijana mwenye koleo na toroli, anazoa mavi. Na kwa kuwa ni kijana mwenye heshima, alipoona simu akapunga mkono. Baraza likaanguka. Nikasikia kikombe kimevunjika.

"Kijana wetu yuko Matondoni!"

"Matondoni wapi, huoni wazungu? Huyo yuko Shela!"

Vyote viwili ni vijiji vya kisiwa chetu. Mnaona nilivyonasa? Kila mzungu niliyemwonyesha akawa ushahidi dhidi yangu. Nikiwaonyesha mzungu, ni Shela. Nikiwaonyesha farasi, ni Matondoni. Nikasema jua bado liko juu, hapa linazama saa tatu na nusu usiku. Hilo ndilo lililoharibu zaidi, maana sasa wakaanza kunionea imani.

"Mwanangu," Ami akasema, sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "nionyeshe gari moja. Moja tu. Hata bovu."

Kisiwa kina gari la wagonjwa na la zimamoto, hayo yameruhusiwa. Nikakimbia. Nimevaa sare ya hoteli, simu mkononi, wazee saba wanarukaruka kwenye kioo, napita katikati ya watalii nikipiga kelele "Ngojeni! Ngojeni! Linakuja!" Nikafika. Mlango umefungwa.

"Limo ndani!" nikasema, nahema.

"Na kwetu huwa hivyo hivyo," mzee mwingine akaitikia. "Limo ndani, ufunguo uko na mtu, mtu yuko safarini."

Nikaona niwaeleze historia. Nikawaambia ilipitishwa amri mwaka 1898. Nilisahau kwamba barazani pale kuna mwalimu mstaafu. Akasafisha koo. "1898 Ford hajafungua kampuni," akasema. "Kafungua 1903. Walikataza gari lipi?" Nikasema yalikuwepo mengine. Akasema, "Mengine," kama hakimu anayeandika neno la mshtakiwa.

Na wakati huohuo farasi aliyesimama nyuma yangu akaamua kukojoa. Jamani, mkojo wa farasi si wa punda. Ni bomba la manispaa limepasuka, na kwetu bomba la manispaa halijawahi kupata hata maji ya kulipasua. Hakumaliza. Mazungumzo yalisimama, wote tukamngoja. Alipomaliza, Ami akasema taratibu:

"Niliuza punda wawili."

Kimya.

"Wawili. Ili uende ukamchunge mzungu farasi. Wahenga wamesema mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Wewe ngamani hata hukutoka."

Akakata. Na leo ndiyo hiyo, nimetolewa kundini.

Sasa mimi nilikuwa mtu wa kucheka mambo haya. Nacheka nikiwa na nguvu. Lakini nguvu zenyewe ziko wapi? Ile fomu ya mafunzo, DS-7002, mimi niliisoma neno kwa neno. Imesema nitakaa mapokezi, kisha mgahawa, kisha upangaji wa hafla. Na kanuni za programu zimesema kazi za ukarani zisizidi asilimia 20. Kuhusu farasi fomu imenyamaza, na ukimya huo hoteli imeutumia vizuri. Siku ya kwanza meneja aliingia kwenye intaneti kutafuta kwetu ni wapi, akaona picha ya punda, uso ukamng'aa. Akaniambia, "Wewe umezoea wanyama." Tangu Mei hadi leo Julai mafunzo yangu ni kupakia mabegi kwenye mkokoteni, na jioni kukunja taulo. Nimejifunza kwamba taulo hukunjwa mara tatu. Nilipokuwa na miaka sita mamangu alinifundisha hilo bure.

Nimemwandikia mdhamini. Akajibu kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nikaandika tena, nao ukapokelewa vilevile. Kuondoka siwezi, maana ukiacha mwajiri bila ruhusa unaweza kufutwa kwenye programu. Kwa hiyo nakaa, nakunja, naona miguu yangu inavyovimba, nikirudi chumbani Isha yenyewe ni karibu saa sita usiku na Alfajiri inanigongea kabla sijageuka ubavu. Sijalala vizuri tangu nifike. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize umekula nini leo. Watu 43, na swali ni gari.

Wanasema programu hii ilitokana na sheria ya mwaka 1961, watu wa nchi mbalimbali wabadilishane tamaduni waelewane. Tumebadilishana. Mimi nimewapa habari za punda, wao wamenipa habari za farasi. Mgeni mmoja aliniuliza kofia yangu ni ya kabila gani la hapa kisiwani. Bibi mmoja alinipa bakshishi ya dola moja, akanikunjia vidole kimoja kimoja kama anayenipa ubani.

Na kuna hii fadji yao. Kisiwa kizima kinanuka vitu viwili, mavi na fadji, na watalii wanapanga foleni kwa kimoja. Nimeionja. Sukari, siagi, maziwa, inakorogwa na kumwagwa kwenye jiwe la marumaru huku watu wanapiga picha. Ni halua ambayo mpishi wake kasahau iliki akaona haya kusema. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba kwetu kuna ya kweli, mafuta yanachuruzika mpaka kiwiko. Mjamaika ninayelala naye chumba kimoja akasema kwao pia kuna kitu kama hicho, tukabishana mpaka saa nane usiku, na asubuhi yake nikapeleka mabegi ya watu wa Ohio kwa watu wa Indiana.

Lakini nina mpango. Hoteli inafungwa mwisho wa Oktoba, na programu ya J-1 ikimalizika unapewa siku 30 za kujikusanya. Siku zote 30 nitakuwa Detroit. Nitapiga picha na kila gari litakalosimama. La polisi, la takataka, lililoegeshwa, lililogongwa. Nitajilaza juu ya boneti. Ya kwanza nitamtumia yule mzee wa mtoto wa jicho, aikuze mpaka aone namba, kisha aende mwenyewe kwa Ami na mwalimu mstaafu wakae kikao, na nikirudishwa kundini nitangoja siku mbili kabla ya kujibu salamu ya

Subirini. Yule farasi wa kushoto anatafuna nini?

Kofia yangu. Ni ya vito, mamangu kaishona miezi minne kwa mkono, mimi nimeitundika kwenye mkokoteni dakika tano tu nijikune kichwa. Imebaki nusu. Afadhali simo kundini.