Mtoto ahesabu taka, nani azizoe?

Tangu 2016, shule za Ujerumani zimekuwa zikipeleka wanafunzi wa miaka 10 hadi 16 mtoni kuhesabu takataka. Wanachora duara lenye upana wa mita 3 karibu na maji, jingine juu ya ukingo, la tatu mbali zaidi, kisha wanaandika kila kilichomo: plastiki, chuma, kioo, vichungi vya sigara. Mpango huo, Plastikpiraten, ulijifunza mbinu kutoka kwa mpango wa wanafunzi wa Chile. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba wachafuzi wakuu wa kingo ni watu wanaokwenda mtoni kupumzika. Mimi ningelaumu viwanda.

Kwetu Dar es Salaam mwanafunzi anaujua ufagio tangu darasa la kwanza. Daftari la taka halijui. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, nasi tukaona vifungashio vikigeuzwa vibebeo sokoni. Je, mto Msimbazi ulipata nafuu, au rambo ilibadilisha jina tu? Darasa linalorudi pale pale kila muhula lingetupa jibu.

Wenye mashaka wanasema watoto hukosea. Ni kweli: mfuko uliochanika vipande vitatu ni taka moja au tatu? Lakini Wajerumani walidai picha, wakakagua, na hesabu zenye kasoro wakaziweka kando. Hilo lina dawa.

Kigumu ni mto wenyewe. Msimbazi unapokea maji ya vyoo, na masika yakikolea eneo la Jangwani, bondeni mwake, halipitiki. Mvua hiyo hiyo huvuruga hesabu: duara lililojaa chupa Jumatatu linaweza kuwa tupu Alhamisi, na chupa ziko baharini. Asiyeandika mvua ilinyesha siku gani atatangaza ushindi wa uongo.

Kuna pia wanaosema tunambebesha mtoto kazi ya manispaa. Kwenye kuzoa, nakubaliana nao kabisa. Kuhesabu ni jambo jingine, mradi iwe kiangazi, juu ya ukingo, bila kugusa kitu wala kukanyaga maji. Na karatasi ya matokeo isifungiwe kabatini kwa mwalimu wa sayansi. Ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, penye tangazo la ada ya taka, ili mlipaji asome yote mawili kwa pamoja.