Mlio Uko Katikati ya Picha Mbili

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha panua kinywa taratibu. Mwanzoni utahisi kitu kinazunguka papo hapo kama bawaba ya mlango. Endelea kupanua: kinakukimbia, kinateleza mbele. Bawaba gani hiyo inayohama mlangoni kwake?

Ndicho kiungo cha taya. Kichwa cha mfupa wa taya kimekaa ndani ya kishimo kwenye fuvu, na kati yao kuna kisahani laini kinachopaswa kusafiri pamoja na mfupa. Kisahani kikiwa kimeponyoka mbele, mfupa hukidandia tena njiani wakati kinywa kinapanuka, na hapo ndipo taya hualika: ta! Langu limekuwa likialika kwa miaka, hasa nikipiga miayo.

Sasa, kiungo hiki tunakichunguzaje? Eksirei na CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande) huonyesha mfupa vizuri, lakini kisahani hakionekani humo. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, hukionyesha, tena bila mionzi ya eksirei. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa picha kinywa kikiwa kimefumbwa, kisha kikiwa wazi, kimezuiwa kwa kipande cha plastiki kati ya meno. Picha mbili za kitu kilichotulia! Ni kama kumhukumu mchezaji ngoma kwa picha ya alipoingia uwanjani na ya alipotoka. Mlio wangu hutokea katikati, na hapo katikati hapana picha.

Ndiyo maana naona watafiti waelekeze nguvu kwenye MRI ya papo kwa papo, inayopiga picha mfululizo kama filamu. Kufikia 2010 kundi la mtafiti wa MRI Jens Frahm huko Göttingen, Ujerumani, lilikuwa limeonyesha kwamba picha moja inaweza kupatikana kwa milisekunde 20 hivi. Kwa kasi hiyo unaona kisahani kikiachwa nyuma au kikidakwa, na kama taya la kushoto linachelewa kuliko la kulia. Hilo la pande mbili nalipa uzito: ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, upande mmoja hauwezi kwenda bila mwenzake. Bei yake ni ukungu, kwani ukitaka kasi unapoteza undani. Halafu mgonjwa amelala chali anapanua kinywa kitupu. Huko siko kutafuna.

Ila anayetaka kuniingiza kwenye mashine kwa sababu ya mlio tu, simo. Watu wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI, takriban theluthi yao hukutwa kisahani kimehama, na wanakula vizuri tu. Kinywa changu hupanuka zaidi ya milimita 40, na hakuna panaponiuma. Taya likianza kukwama au kuuma, hapo nitaomba picha, na nitauliza kama wanayo inayotembea.