Shangazi Ameisuka Okidi Yangu

Anayetaka kuiona okidi iitwayo Paphiopedilum sanderianum ikichanua ajiandae kutazama majani matupu kwa miaka. Kwao ni majabali ya chokaa ya Gunung Mulu, jimbo la Sarawak, Malaysia, na sifa yake yote ni petali mbili za pembeni, nyembamba, zilizojisokota, zinazoweza kufika sentimita 90. Ya porini hainunuliwi, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, imekataza. Yangu ilioteshwa kwa mbegu maabara hapa Uholanzi, ikakulia kwenye magome ya msonobari ya sentimita 1 hadi 2 yaliyochanganywa na maganda ya chaza yaliyopondwa.

Bua likishachomoza usigeuze chungu, maua yatapinda shingo yakifuata mwanga. Maji nayo yasituame katikati ya majani, bakteria wataozesha chipukizi. Ua hufunguka na petali fupi za kukatisha tamaa. Ndipo zinaanza kurefuka, sentimita kadhaa kwa siku, kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo chungu lazima kiwe juu. Changu kilining'inia jikoni: maua matatu, petali sita.

Shangazi, msusi maarufu wa Tanga, alikuwa amekuja kutusalimia.

Narudi kazini, nakuta misuko miwili, petali tatu kila mmoja, inang'aa mafuta ya nazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimelitengeneza. Lilikuwa timtim, wageni wataliona vipi?"

Nikafumua kwa kijiti cha meno, kuanzia nchani. Petali nne za maua ya mwanzo zilikuwa zimekomaa, zikatoka na michubuko ya kahawia na madoa ya mafuta. Mbili za ua la mwisho zilikatikia shinani, kwa sababu petali inayoendelea kurefuka ni laini mno. Na ikikatika haioti nyingine.

Shangazi akaziokota, akaziinua kwenye mwanga, akaguna.

"Zinakatikia kwenye shina. Hili unalilisha nini?"

Nikamweleza: mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kila wiki mbili, na katikati namwagilia maji ya mvua matupu kuondoa chumvi, maana mizizi yake huungua upesi.

"Robo!" Alinitazama kama mzazi anayemnyima mtoto uji. "Ndiyo maana."

Akafungua friji, akatoa yai na parachichi.